Bwana Shamba Anashauri: Redio ya Siku ya Shida



Mwezi huu sitazungumza juu ya mbegu wala samadi. Nitazungumza juu ya redio. Msishangae. Redio nayo ni chombo cha mkulima kama jembe. Jembe baya humchosha mkulima. Redio mbaya humwacha gizani siku ya shida.

Mama mmoja wa hapa Songwa alinisimamisha njiani. Alikuwa ameuza dengu zake. Aliniambia hivi:

"Bwana shamba, nina fedha ya redio moja tu. Mwanangu anataka ile kubwa yenye taa za rangi. Mimi nataka ya kusikia habari za mvua. Ninunue ipi?"

Nilimjibu, "Mayu, usinunue leo. Kwanza nikusimulie habari ya redio ya baba yangu."

Redio kubwa ya baba

Mwaka 1997 zilianza mvua za El Nino. Ziliendelea mpaka 1998. Mito mingi nchini ilifurika. Barabara na reli zilikatika. Wakati huo nilikuwa kijana mchungaji.

Baba alikuwa na redio kubwa kuliko zote katika kitongoji chetu. Ilitumia mawe sita, yaani betri sita kubwa. Kaka yangu alipooa, redio ile ilipiga muziki siku tatu. Siku ya nne ilinyamaza. Mawe yalikuwa yamekwisha, na dukani hayakuwapo.

Jirani yetu alikuwa mzee mmoja mwenye redio ndogo kama tofali. Ilitumia mawe mawili tu. Usiku alisikia kwamba mvua kubwa zinaendelea na mito inafurika. Alfajiri aliwavusha ndama wake kutoka ng'ambo ya mto.

Hakutupitia. Baadaye alituambia sababu. Alidhani sisi tumekwisha kusikia, maana sisi ndio tuliokuwa na redio kubwa.

Mchana mto ulijaa. Ndama wetu tisa walikwenda na maji. Baba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Redio yangu leo ni sanduku tu."

Habari hii ina mafunzo mawili. La kwanza: redio nzuri ni ile inayosema siku ya shida, hata kama ni ndogo. La pili: aliyesikia amwambie jirani. Asidhani kwamba jirani amesikia.

Shida hutufikia hata sisi

Wengine husema mafuriko ni mambo ya watu wa pwani. Si kweli. Usiku mmoja wa Machi 2015, mvua kubwa ya mawe ilinyesha Mwakata, wilayani Kahama, katika mkoa wetu huu. Nyumba zilibomoka watu wakiwa ndani. Watu zaidi ya 40 walifariki.

Tarehe 7 Novemba 2022, ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui ulibomoka. Hapo ni karibu nasi, wilayani Kishapu. Tope na maji viliingia katika mashamba na makazi ya watu. Kwa bahati njema hakuna aliyefariki, lakini watu walipoteza nyumba na mashamba.

Januari 2024, udongo uliporomoka katika machimbo ya dhahabu ya Ng'alita, mkoani Simiyu. Wachimbaji zaidi ya 20 walifariki. Huo ulikuwa wakati wa mvua. Vijana wetu wengi huenda machimboni Geita, Kahama na Simiyu. Aliye chini ya shimo hasikii redio. Kwa hiyo aliye juu lazima asikilize kwa niaba yake.

Sasa nitasema ukweli. Redio haiwezi kuzuia mvua. Wala haiwezi kukuambia kwamba mvua ya mawe itaanguka juu ya nyumba yako saa fulani. Lakini inaweza kukuambia kwamba mvua kubwa inatazamiwa mkoani mwako. Baada ya shida inaweza kukuambia barabara ipi imekatika, maji yapi yasinywewe, na msaada unatolewa wapi. Siku kama hiyo uvumi huwa mwingi, na kila mtu ana lake. Taarifa ya habari huwasaidia watu kutenganisha ukweli na uvumi.

Maneno matatu ya kukumbuka

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za hatari kwa ngazi tatu. Jifunze maneno haya:

1. ANGALIZO. Maana yake, fungua macho. Endelea kufuatilia habari.

2. TAHADHARI. Maana yake, hatari imeongezeka. Chukua hatua. Ondoa mifugo mtoni. Funika chakula. Usilale katika nyumba yenye ufa mkubwa.

3. TAHADHARI KUBWA. Maana yake, hatari ni kubwa sana. Usingoje kuona kwa macho. Fuata maagizo ya viongozi mara moja.

Andika maneno haya kwenye karatasi. Yabandike karibu na redio. Wewe sasa unajua kusoma, na hii ni kazi moja ya kusoma.

Mambo matano ya kutazama dukani

Usimwachie muuza duka akuchagulie. Ishike redio mwenyewe. Tazama mambo haya.

Kwanza, tazama mawe. Fungua kifuniko cha nyuma. Hesabu nafasi za mawe. Jiwe moja la kawaida lina nguvu ya volti 1.5. Redio ya mawe mawili hutaka volti 3. Redio ya mawe sita hutaka volti 9. Ukinunua redio ya mawe sita, ni kama umeongeza midomo sita ya kulisha nyumbani. Kisha ujiulize: je, duka la kijijini kwetu huuza mawe ya namna hii kila wakati? Kama hayapatikani ila mjini, redio hiyo haikufai.

Redio nyingi ndogo za siku hizi hutumia betri bapa kama ya simu ya kitochi. Betri hiyo huchajiwa kwa umeme au kwa jua. Ni nzuri kama una umeme wa jua nyumbani. Lakini mvua ikinyesha siku tano, jua halipo. Mto ukijaa, huwezi kwenda kuchaji senta. Redio bora ni ile inayokubali njia mbili: inachajiwa, na pia inatumia mawe ya kawaida.

Pili, soma herufi. Kwenye kioo cha redio utaona herufi FM, MW na SW. Redio nyingine huandika AM mahali pa MW. FM husikika safi, lakini haifiki mbali sana. Milima huizuia. Hii ndiyo ya vituo vya karibu, vinavyotaja habari za mkoa wetu. MW hufika mbali zaidi, hasa usiku. SW hutoka mbali sana, hata nchi za nje. Kituo cha karibu kikizimika kwa ajili ya dhoruba, kituo cha mbali huenda bado kinasema. Redio yenye herufi zote tatu ni kama mtu mwenye masikio matatu.

Tatu, pima sauti. Mwambie muuza duka aifungue. Tafuta taarifa ya habari au mtu anayezungumza, si muziki. Sogea hatua kumi. Je, unasikia maneno vizuri? Redio nyingine hupiga ngoma kwa kishindo, lakini maneno hayasikiki. Wewe unataka maneno.

Nne, pima mwili wake. Vuta antena mpaka mwisho. Je, inalegea? Fungua na kufunga kifuniko cha mawe mara tatu. Je, kinashika? Tazama springi na vibati vya ndani. Visiwe na kutu. Zungusha kitufe cha kutafutia vituo. Kiende polepole, kisiruke. Kamba ya kubebea iwe imara.

Tano, tazama nyongeza zake. Tochi ni nyongeza nzuri. Mkono wa kuzungusha ni nyongeza nzuri pia, maana redio hupata nguvu bila mawe. Redio za namna hiyo zina historia inayotuhusu. Mwaka 1991 Mwingereza mmoja, Trevor Baylis, alitazama kipindi cha televisheni juu ya UKIMWI katika Afrika. Alisikia kwamba redio ingeweza kuwaelimisha watu, lakini betri zilikuwa ghali kwao. Ndipo akabuni redio ya kuzungusha kwa mkono. Baadaye zilitengenezwa Cape Town, Afrika Kusini. Ukiikuta redio ya namna hiyo, izungushe pale pale dukani. Kama mkono unakwama au unalia, iache.

Taa za rangi si nyongeza. Hizo hula nguvu ya mawe bure.

Wengine wataniuliza, "Simu yangu ina redio. Ya nini nyingine?" Simu ni nzuri, nami ninayo. Lakini simu nyingi hazishiki redio mpaka uweke waya wa masikioni.  Tena chaji ya simu itunze kwa kumwita mwenyekiti wa kijiji au ndugu zako. Usiimalize kwa kusikiliza.

Jinsi ya kuitunza

Redio ya siku ya shida ina masharti yake. Ni haya:

Weka mawe mawili ya akiba, au manne kama redio yako ni ya mawe manne. Yafunge katika mfuko wa nailoni. Mawe hayo ni kama mbegu. Mkulima mwenye akili hali mbegu. Basi usiyatumie kwa muziki.

Usichanganye mawe mapya na ya zamani. Ya zamani huyamaliza mapya. Kama redio itakaa wiki nyingi bila kutumika, toa mawe nje. Mawe yaliyochoka huvuja maji yanayoharibu vibati. Usiyaweke motoni kamwe. Yanaweza kupasuka na kuumiza macho ya mtoto.

Sikiliza wakati wa taarifa ya habari, kisha funga. Usiongeze sauti kupita kiasi. Sauti kubwa hula mawe upesi.

Kama umefunga waya kutoka kwenye redio mpaka juu ya mti au paa, ufungue kabla ya radi. Waya huo unaweza kuleta radi ndani ya nyumba.

Weka redio mahali pamoja, karibu na mlango, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Usiku wa shida mkono wako uikute gizani.

Redio moja, masikio mengi

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973. Huo ulikuwa mwaka wa kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili nchini walikutana katika vikundi. Walisikiliza redio, walisoma, walijadiliana. Kisha walichimba vyoo na kusafisha visima. Si kila nyumba ilikuwa na redio. Redio moja ilitosha kikundi kizima.

Tufanye hivyo tena. Kila kitongoji kichague msikilizaji mmoja wakati wa mvua. Asikilize asubuhi na jioni. Akisikia neno TAHADHARI, apite nyumba kwa nyumba, au apige filimbi, au agonge chuma kama cha shule. Asiseme, "Wale wana redio kubwa, wamesikia." Mkumbuke ndama tisa wa baba yangu.

Mama alinunua ipi?

Wiki iliyofuata nilipita nyumbani kwa yule mama. Alinionyesha redio ya mawe mawili, yenye FM, MW na SW, na tochi mbele. Fedha iliyobaki alinunua mawe ya akiba na kuku mtetea.

Mwanawe alikuwa amenuna. Nilimwambia, "Kijana, mama yako hawezi kukimbia usiku kuwaamsha watu. Wewe unaweza. Kwa nini usiwe msikilizaji wa kitongoji?"

Hakunijibu. Lakini juzi mwenyekiti wa kitongoji aliniambia kwamba kijana yule amejitokeza mwenyewe. Ameomba filimbi. Amebandika yale maneno matatu mlangoni, kwa mwandiko wake.

Mvua zimekaribia. Nunua redio kabla mto haujajaa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kitongoji chenu, ni nyumba ngapi zina redio inayofanya kazi leo?

2. Duka lenu huuza mawe ya namna gani? Yakiisha, mnayapata wapi?

3. Kuna tofauti gani kati ya ANGALIZO na TAHADHARI KUBWA?

4. Nani atakuwa msikilizaji wenu wakati wa mvua? Atawaita watu kwa njia gani?

5. Nani katika kitongoji chenu hawezi kukimbia au kusikia vizuri? Nani atampitia?

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kuhifadhi mahindi na mtama ili visiliwe na wadudu. Mpaka hapo, kazi njema.

Ni mimi, Bwana Shamba wenu, Songwa.