Mchanga wa Ras Kigomasha na sakafu zetu za karafuu



Msimu ukikaribia, kila mwenye mikarafuu huanza kufikiri mahali pa kuanikia. Tangu bei ilipopandishwa mwaka 2011, wengi wetu tumepata uwezo wa kujenga nyumba za matofali na kumwaga sakafu za saruji uani. Jambo hili ni jema. Karafuu iliyoanikwa mahali safi haichanganyiki na udongo wala takataka, na mwenyewe haoni haya kuipeleka kituoni. Hatuna neno juu ya sakafu. Neno letu ni juu ya mchanga wa kuijengea.

Kwa wakaao Konde, Msuka na Makangale, mchanga wa pwani ulio karibu ni ule uliozunguka Ras Kigomasha. Twaona yafaa tulieleze jambo hili waziwazi: mchanga ule usichukuliwe, hata kwa pakacha moja.

Ras Kigomasha ndiyo ncha ya kisiwa chetu cha Pemba upande wa kaskazini magharibi. Magharibi yake iko Verani na Panga ya Watoro, na mashariki yake iko pwani ndefu ya Vumawimbi. Karibu na ncha umesimama mnara wa taa uliojengwa mwaka 1900, wakati wa himaya ya Waingereza, uonyeshe njia vyombo vipitavyo mkondoni. Nyuma yake, ukirudi bara, ndipo ulipo msitu wa Ngezi.

Msitu huo watuhusu sisi wakulima wa karafuu kuliko watu wengine wote. Hapo kale sehemu kubwa ya Pemba ilikuwa msitu kama ule. Mikarafuu ilipoenea katika karne ya 19, miti ya asili ikakatwa. Kisha kimbunga cha mwaka 1872 kikaiangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyopata nafuu, ikawa ndiyo shamba kubwa la karafuu. Kazi hiyo ilifanywa na watumwa mpaka utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897, na jina la Panga ya Watoro latukumbusha kwamba wako waliokimbia. Ngezi ilisalia kwa kuwa ardhi yake ya mchanga haikuifaa mikarafuu. Basi kilichobaki pale ni baki ya kile tulichokikata sisi na wazee wetu.

Na baki hiyo si ndogo kwa thamani. Pemba imetengwa na bara kwa mkondo wenye kina kirefu sana, na kwa sababu hiyo viumbe wake wengine hawapatikani mahali pengine popote duniani. Yuko bundi mdogo wa Pemba, yuko ninga, yuko chozi, na yuko ndege mwenye duara jeupe machoni. Uko na mnazi wa msituni tuuitao mpapindi. Yuko popo mkubwa wa Pemba, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa amewindwa hata wakabaki mamia machache tu. Watu wa vijiji wakafanya vikundi vya kumlinda, wakaacha kumla, na leo popo hao wahesabiwa kwa maelfu mengi. Popo hula matunda na kuzitawanya mbegu zake mbali, naye hupanda miti bila kudai ujira. Jambo hilo lilifanywa na wakulima na wavuvi kama sisi, kwa hiyo mtu asituambie kwamba watu wa vijijini hawawezi kulinda kitu.

Sasa tuutazame mchanga wenyewe. Wako wasemao: mchanga ni wa Mungu, bahari itauleta mwingine. Maneno haya yana nusu ya ukweli. Wakati wa kusi mawimbi husukuma mchanga kuelekea kaskazini. Kaskazi ikivuma huurudisha. Ndiyo maana pwani moja huonekana imejaa mwezi huu na imepungua miezi michache baadaye. Mtu akija na gari pale mchanga ulipojaa, hudhani amechukua ziada. Kumbe amechukua akiba ambayo ingerudi upande wa pili msimu ukigeuka. Bahari haiumbi mchanga kila mwaka; huuhamisha tu. Bandu bandu huisha gogo.

Mchanga ukipungua, maji hufika penye mwamba na penye mizizi. Jiwe la pwani yetu ni matumbawe ya kale, nalo huliwa kwa chini. Wimbi huchimba mpaka juu pakabaki kama dari, na siku moja dari huanguka. Penye mchanga mtupu, mkadi na mvinje huanza kuonyesha mizizi, kisha hulala. Maji yetu ya bamvua hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, na bahari yenyewe inazidi kuinuka duniani kote. Kuiondolea pwani ngao yake wakati huu ni kumfungulia mlango mgeni ambaye tayari anabisha hodi.

Twajua mchanga wa machimbo yaliyoruhusiwa una gharama, na kibali kina usumbufu wake. Twajua pia kwamba wakulima si wao peke yao wajengao kando ya bahari, na si haki mkulima aambiwe aache pakacha moja huku mwingine akiachwa apakie magari. Twasema sheria iwe moja kwa wote. Lakini kosa la mwenzetu halitujengei pwani. Tena mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi hula nondo. Aujengeaye nyumba huiharibu nyumba yake na pwani ya wenziwe pamoja.

Kwa hiyo twawaomba wanachama mambo matatu. Kwanza, wanaotaka sakafu washirikiane, watu watano au sita, wanunue gari moja la mchanga wa machimbo yaliyoruhusiwa na kugawana gharama. Pili, asiye na uwezo huo asione haya kuanika juu ya majamvi; wazee wetu waliyatumia, na karafuu zao zilisifiwa ng'ambo. Tatu, miti iliyo ukingoni mwa bahari isikatwe kwa kuni wala kwa boriti.

Mkarafuu huishi miaka mingi kuliko aliyeupanda. Sisi tulio na desturi ya kuwapandia wajukuu, haitupasi kuwaachia kisiwa kilichopungua.