Marumaru peke yake si kinga, jamani!

Ujumbe wenu kuhusu ile picha ya jiko nimeusoma wote. Wengine mmecheka, wengine mmeuliza kwa nini namwaga hela kwenye "kijukwaa" wakati ada za shule zinasubiri. Na Waswahili wenzangu wa hapa Maine nao wana lao: eti kibali na ukaguzi ni mradi wa wazungu wa kukusanya hela, panga marumaru juu ya sakafu, basi. Leo nawajibu wote kwa pamoja, na mnisamehe kwa ukali.

Nyumba nyingi za huku ni za mbao, kuanzia sakafu mpaka paa. Si kama kwetu kwenye saruji, kaa likidondoka unalisukuma kwa mguu. Jiko hili linachoma punje za unga wa mbao ulioshindiliwa, usiku kucha, msimu mzima wa baridi. Marumaru haiungui, kweli, lakini inapitisha joto kwenda kwenye mbao zilizo chini yake. Tena mbao hucheza, marumaru ikapasuka, cheche ikapata njia.

Ndiyo maana kitako kinajengwa kwa tabaka: plaiwudi, ubao wa saruji, kisha ndipo marumaru. Vipimo si vya kukisia, viko kwenye kitabu cha jiko. Majiko mengi ya aina hii hudai kinga izidi sentimita 15 hivi mbele na pembeni. Jiko la kuni la kawaida hudai kama 46 mbele ya mlango. Mengine yanataka kinga ya cheche tu, mengine na ya joto pia. Mkaguzi anaangalia kitabu hicho hicho. Na nyumba ikiungua huna kibali, bima inaweza kukataa kulipa. Hapo hiyo ada ya shule ataituma nani?

Nanyi wa nyumbani msijione mmepona. Baridi ya Njombe ikianza, jiko la mkaa linaingizwa chumbani na madirisha yanafungwa. Ile gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu. Inaanza kama kichwa kuuma na kichefuchefu, mtu anadhani malaria. Hata kale kamashine ketu ka kubana kidoleni kanadanganyika, kanaonyesha oksijeni iko sawa wakati mgonjwa anakwisha.

Kulala na jiko nje hakuhitaji kibali wala senti tano. Anzeni na hilo, halafu ndipo mnicheke.

Wasalaam.