Shindano la Picha au Shindano la Magrupu ya WhatsApp? Njombe Tunapigana Lumbesa Mtandaoni

Leo siji na ubuyu, nakuja na hasira, na kwa bahati mbaya hasira yenyewe inaanzia kwangu.

Juzi kati kulikuwa na shindano la picha mtandaoni, picha za mkoa wetu, zawadi simu mpya. Waandaaji jina kapuni, mshindi jina kapuni, msinitafute inbox. Kila picha unaipa alama kuanzia 1 mpaka 10, yenye wastani mkubwa inabeba simu. Binamu yangu wa Makambako naye akaingia. Asubuhi na mapema meseji: "Kaka, nipe 10, hao wengine wote piga 1." Na mimi nikapiga. Niko dukani nasubiri chenji, nikagonga 10 moja, nikagonga 1 kama kumi na nne hivi, simu ikarudi mfukoni. Picha hata sikuziangalia.

Usiku ndio nikazifungua moja moja. Kati ya zile nilizozipa 1 kulikuwa na ya dogo mmoja aliyepiga alfajiri stendi ya Makambako. Ukungu mzito, basi la Songea limewasha taa, mama kajifunga kitenge juu ya koti anamimina chai, mvuke wa chai na pumzi yake vimechanganyika hujui kipi ni kipi. Aliyewahi kushuka pale mwezi wa saba saa kumi na moja asubuhi, hiyo picha inamtetemesha. Dogo namfahamu kwa sura, simu yake kioo kimepasuka kama utando wa buibui. Ilimaliza huko chini. Aliyeshinda ni mdada wa mjini mwenye wafuasi kibao, kapiga pozi mbele ya maporomoko ya Luhuji, na Luhuji yenyewe huioni maana kaijaza yeye.

Mdada sina ugomvi naye. Kacheza kwa sheria alizozikuta. Ugomvi wangu ni na mzani.

Sisi watu wa viazi lumbesa tunaijua. Gunia linajazwa, linashonewa kilemba juu, mkulima analipwa gunia moja. Wakala wa Vipimo wameshapiga kelele mpaka sauti imekauka: pimeni kwa mizani, kilo 100 mwisho. Sasa 1 mpaka 10 ya mtandaoni ndiyo lumbesa yetu sisi vijana. Inaonekana kipimo, kumbe kila mtu anajaza anavyotaka.

Angalia hesabu. Picha ya dogo imepata watu 30 waaminifu, kila mmoja kampa 8. Wastani 8, safi. Wakatokea kumi kama mimi, wakagonga 1. Wastani unaporomoka mpaka 6.25. Watu 10 wamewafuta watu 30! Upande wa pili, picha iliyopigiwa na ndugu 12 tu, wote 10, inakaa kileleni ikiwa na wastani wa 10, wakati iliyopigiwa na watu 300 ikapata 8.6 inaitwa ya pili. Jamani.

Na msidhani ni ushamba wetu. Mwaka 2009 YouTube wenyewe walisema nyota zao tano hazina kazi, kwa sababu karibu kila mtu aliyepiga kura alitoa nyota tano. Mwaka uliofuata wakazitoa, wakaweka dole gumba juu na chini. Mtu ukimpa ngazi kumi, anatumia ya chini kabisa na ya juu kabisa. Zile za katikati ni mapambo.

Dawa ipo na wala haihitaji fundi kutoka Dar. Kama mnang'ang'ania alama, acheni wastani, chukueni alama ya katikati: zipange zote kutoka ndogo hadi kubwa, iliyokaa katikati ndiyo alama ya picha. Kwa dogo wetu, hata baada ya uhuni wa watu kumi, katikati bado ni 8. Na zile picha za ndugu 12? Mkitaka kubaki na wastani, kila picha ianze na kura 20 za alama 6, wote sawa. Ya ndugu 12 inashuka mpaka 7.5, ya watu 300 inabaki 8.4. Hakuna aliyeonewa, ila ukitaka kupanda inabidi ukubalike na watu wengi, sio sebule moja.

Ila mimi ningetupa alama zote. Onyesha picha mbili kwa pamoja, majina yamefichwa, idadi ya kura imefichwa, uliza ipi kali, kushoto au kulia. Basi. Hapo 1 ya chuki huna, 10 ya undugu huna. Mbili zinazokuja anachagua mtambo, sio wewe, na unahakikisha kila picha imeonyeshwa mara sawa na nyingine. Binamu akikutumia meseji utamtafuta wapi? Mpaka upite jozi ishirini, na huenda yake usikutane nayo kabisa. Wale wa kugonga na kukimbia watachoka jozi ya tano. Kisha picha iliyoishinda picha kali ipate pointi nyingi kuliko iliyoishinda dhaifu, kama chesi wanavyopangwa kwa hesabu ya Arpad Elo, ambayo shirikisho lao la dunia linaitumia tangu 1970.

Tahadhari moja lakini. Mchezo huu wa picha mbili ndio Mark Zuckerberg aliuanza Harvard mwaka 2003, Facemash, akaweka sura za wanafunzi wenzake bila kuwaomba, chuo kikamwita. Kwa hiyo picha ya mtu iingie kwa ruhusa yake, na lile shindano la "nani mrembo zaidi" lenye watu wanaochambua miguu ya watoto wa watu, hilo halina mzani wa kulitengeneza. Lifungwe tu.

Mtasema basi tuwekeeni majaji. Sawa, ila mji wenyewe huu tunajuana mpaka mbwa, jaji naye ana binamu. Wakiwepo, watano, alama ya juu na ya chini zikatwe, na wao pia wasione majina.

Sasa kwa nini waandaaji hawafanyi? Hapa ndipo panaponiuma. Masharti yalisema kura haihesabiki mpaka ufolo ukurasa wao na utagi watu watatu. Yaani kila meseji ya "kaka nipe 10" ni mfuasi mpya kwao. Fujo yetu ndiyo mtaji, baadaye wanaenda nayo kwa mwenye duka: tuna watu elfu kadhaa, tupe tangazo. Simu moja imenunua mkoa mzima. Dogo aliamka saa kumi usiku kwenye baridi ile kuwapigia picha, wao walikuwa wanavuna namba.

Kama nawasingizia, wekeni hadharani kila picha ilipata kura ngapi, 10 ngapi na 1 ngapi, bila majina ya wapiga kura. Kazi ya dakika tano. Zile kumi na nne zangu nitazitambua.

Jana binamu kaniandikia tena, kuna shindano lingine la picha linakuja, waandaaji wale wale, 1 mpaka 10 ile ile. Nimemuuliza picha yake ni ya nini. Hajaipiga bado.