Kusomea Umaskini Ng'ambo

Mwaka huu kaka yangu mkubwa alipata barua ya kukubaliwa katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, akasomee digrii ya pili katika mambo ya maendeleo na umaskini. Nyumbani ilikuwa furaha, mpaka hesabu ya ada iliposomwa. Baba akasema atauza nusu ya kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa aliloachiwa na babu. Mama hakusema neno. Aliondoka akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Wako watakaocheka kwamba mtu auze shamba ili akafundishwe umaskini. Mimi sicheki. Tazameni yaliyotokea kwa jirani zetu huko Busia, Kenya. Katika miaka ya 1990 baadhi ya shule za msingi ziligawiwa vitabu bure, na nyingine zikangojeshwa ili matokeo yalinganishwe. Walipopimwa, waliofaidika ni wale waliokuwa hodari tangu mwanzo tu. Wengine walibaki pale pale, maana vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa wengi wao Kiingereza ni lugha ya tatu. Michael Kremer, mmoja wa waliofanya kazi ile, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Sasa nauliza: ni nani darasani kwetu asiyejua kwamba kitabu usichokielewa hakikufai? Tulijua sana, lakini hatukuhesabu, na bila hesabu wakubwa maofisini hawasikii. Kuhesabu huko ndiko ninakotaka kaka yangu akajifunze.

Ila kihamba kisiuzwe. Mpango wa skolashipu za Jumuiya ya Madola, uliokubaliwa mwaka 1959, hulipa ada, nauli na posho, na baadhi ya nafasi zimetengwa kwa wasioweza kujilipia. Tena hapa nchini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina taasisi yake ya mambo ya maendeleo tangu 1973. Kungoja mwaka mmoja si kufeli. Akirudi na digrii yake akakuta wazazi hawana hata mkungu wa ndizi, atakuwa amesoma nini?

Nimemwambia kaka hayo kwa heshima. Alinijibu kwamba mimi ni mtoto wa Kidato cha Tano tu. Ni kweli. Lakini juzi niliona fomu za skolashipu zimekunjwa ndani ya daftari lake, na baba bado hajamwita mnunuzi.