Tangi la Ndege na Msamiati wa Fundi

Wapo wasomi wetu wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakijakomaa kubeba taaluma za ufundi. Naipinga hoja hiyo, na shahidi wangu ni tangi la mafuta.

Mnamo 2010 zilienea habari za Gabriel Nderitu, Mkenya aliyejiundia ndege nyumbani kwake Nyeri. Ndege ya namna hiyo, kabla ya kujazwa petroli, sharti tangi lake lipimwe lisije likavuja angani. Matundu yote huzibwa, hewa kidogo mno huingizwa (ikizidi, tangi hupasuka), kisha maji ya sabuni hupakwa kwenye mishono. Penye ufa, povu hufura. Wengine hufunga puto mdomoni mwa tangi na kungoja kama litanywea. Ila kwa jua la Lodwar, hewa hutanuka na puto likabaki limevimba ilhali mshono unavuja.

Msomee maelezo haya mziba pancha wa Kerio au Kakuma, ambaye pengine Kiswahili ni lugha yake ya pili. Sidhani atauliza maana ya neno lolote: yeye huitumbukiza tyubu ya pikipiki majini akitafuta mapovu yayo hayo. Tena anajua kwamba mafuta yanayodondoka si yanayochururika, wala si unyevu unaopenya bila tone. Rubani huamua kuruka au kutoruka kwa tofauti hizo.

Sisi twabuni istilahi maktabani, fundi hazisikii. Anayetafuta mada ya tasnifu na aende gereji za Lodwar, achukue na daftari.