Kifo amekuja, au kifo kimekuja?

Wapenzi wa tamthilia za muziki wana ugomvi wao ambao wengi wetu hatuusikii, nao unahusu mchezo uitwao Elisabeth. Maneno yake yaliandikwa na Michael Kunze, muziki ukatungwa na Sylvester Levay, na maonyesho ya kwanza yakafanyika katika ukumbi wa Theater an der Wien, mjini Vienna, Septemba 1992. Tangu hapo mchezo umetafsiriwa na kuchezwa Hungary, Japani, Uholanzi, Korea Kusini na kwingineko. Kila ulikotua umebadilishwa, na ndipo ugomvi unapozuka: upi ndio mchezo wenyewe? Aliyeuona Vienna hatambui mwingine. Aliyeujua kwanza Japani humwona huyo wa Vienna kuwa mtu mkavu asiye na moyo.

Nathubutu kuuingilia ugomvi huo kwa sababu mwalimu yeyote wa fasihi anaufahamu kwa sura nyingine. Ni mzozo ule ule unaomkabili anapoandaa wanafunzi wake kwa mashindano ya drama: anaruhusiwa kukata nini, kuongeza nini, na ni wakati gani anakuwa ameua kazi ya mtu?

Kisa chenyewe ni cha kiza. Elisabeth aliolewa na Kaizari Franz Joseph wa Austria mwaka 1854, akiwa na umri wa miaka 16. Tarehe 10 Septemba 1898, akiwa Geneva, alichomwa tupa iliyonolewa na Mwitaliano aitwaye Luigi Lucheni, akafa. Filamu za miaka ya 1950 zilikuwa zimemfanya kuwa kipusa cha kutazamwa tu. Kunze aliikataa picha hiyo. Katika mchezo wake, mshindani wa Kaizari katika mapenzi ni Kifo, kijana mzuri wa sura anayemfuata Elisabeth tangu utotoni, na ambaye njiani anamchukua mwanawe Rudolf, aliyejiua Mayerling mwaka 1889. Msimulizi ni Lucheni mwenyewe. Anaulizwa na hakimu, huko ahera, kwa nini aliua, naye anajibu kwamba marehemu alikipenda Kifo na Kifo kilimpenda. (Mwanafunzi na aweke alama hapo. Anayetusimulia ni mshtakiwa anayejitetea.)

Sasa tuende Japani. Takarazuka ni kundi lililoanzishwa mwaka 1913 na mwenye kampuni ya reli, Kobayashi Ichizo, ili abiria wapate sababu ya kupanda treni hadi mwisho wa njia. Waigizaji wake wote ni wanawake, na nyota wa kundi ni yule anayecheza nafasi ya mwanamume. Koike Shuichiro alipouandaa Elisabeth huko mwaka 1996, desturi hiyo haikumwachia njia. Nyota hawezi kuwa Elisabeth, na Kaizari ni mnyonge mno. Basi Kifo akapandishwa cheo, akaitwa mfalme wa kuzimu, akatungiwa wimbo mpya na Levay, na mwenye jina la mchezo akasogea nafasi ya pili.

Mashabiki wa Vienna wanauita huo wizi. Mimi sioni wizi. Mtunzi aliridhia na kuutunga wimbo huo kwa mkono wake, na hisia ile ya mvuto wa kaburi ilikuwamo tangu mwanzo. Tena mwanamke anayecheza Kifo akiwa mwanamume huleta jambo ambalo Vienna haikuweza kulileta: mtazamaji hajui kabisa anachotazama ni kiumbe gani, na ndivyo mauti yanavyostahili kuonekana.

Lakini kuna walichokata ambacho siwezi kukitetea. Katika mchezo wa Vienna limo tukio liitwalo Chuki, ambapo umati wa wachukia Wayahudi unaandamana barabarani, na mtazamaji anatambua vizuri mbegu ile ilizaa nini miaka ya 1930. Takarazuka hawakulicheza. Ugonjwa wa zinaa ambao Elisabeth anaambukizwa na mumewe nao uliondolewa, mahali pake pakawekwa picha inayomfichua mume. Ukiyaondoa hayo, dola la Austria linakufa kwa mapenzi peke yake. Hiyo ni hadithi nyingine. Wakubwa wa nchi wangeifurahia sana, maana hakuna wa kulaumiwa. Koike huyo huyo alipouandaa mchezo Tokyo kwa kampuni ya Toho mwaka 2000, kwa waigizaji wanaume na wanawake, tukio la Chuki likarudi, nami nadhani alijua kwa nini.

Wahungari wana haki yao ya pekee. Elisabeth alitawazwa malkia wao mwaka 1867, na daraja moja kubwa mjini Budapest lina jina lake. Walipouonyesha mchezo huo mara ya kwanza, mwaka 1996 mjini Szeged, walikuwa wakimwonyesha mtu wa nyumbani. Wakiubadilisha, wanabadilisha kama mtu asahihishaye habari za nyanya yake.

Hapo ndipo nafikia lugha. Kwa Kijerumani neno Kifo ni la jinsi ya kiume, hivyo Kunze alipomfanya Kifo kuwa kijana, sarufi ilimsukuma. Kwa Kifaransa ni la kike. Kihungari hakina jinsi hizo, wala Kijapani. Na sisi? Kiswahili kiko upande wa Wahungari na Wajapani, kwani yeye ni yeye, awe bwana au bibi. Ila tuna kitu ambacho wote hao hawana. Kifo kiko katika ngeli ya KI-VI, pamoja na kitabu na kikapu. Tunasema kifo kimekuja. Kinapogeuka mtu jukwaani, ngeli yake inageuka, kama kiboko ambaye twasema ameanguka wala si kimeanguka. Silabi moja, na kitu kimekuwa mtu.

Anayeudharau uzito wa uamuzi wa namna hiyo na akumbuke kwamba Mwalimu Nyerere, alipofasiri Shakespeare mwaka 1969, aliwaita wafanyabiashara wa Venisi mabepari. Neno hilo lilikuwa la Tanzania ya wakati ule kuliko la Shakespeare. Wapo waliolalamika, lakini tafsiri ikadumu.

Ugumu mkubwa zaidi kwetu ni wa imani. Mswahili wa pwani anamjua Ziraili, malaika anayetumwa kutoa roho. Huyo hatongozi, hana wimbo, wala hapendi mtu. Kijana mzuri anayebembeleza watu wafe angeonekana shetani, na huenda ni haki aonekane hivyo. Katika ukumbi uliojaa wanafunzi wa sekondari, lile tukio ambalo Kifo anampa Rudolf bastola na busu si mchezo. Wapo wazazi watakaosema lisionyeshwe kabisa. Sikubaliani nao, lakini hofu yao ina msingi, na jibu lake liko kwa Lucheni. Akichezwa kwa nguvu, mwenye dhihaka na uwongo usoni, watazamaji watakumbuka kwamba uzuri wa Kifo ni maneno ya muuaji. Akififishwa, kama inavyoelekea kutokea nyota anapokuwa Kifo, hakuna wa kuwazindua.

Iwapo yuko mwanafunzi atakayekuja kuufasiri mchezo huu, ningemwomba atumie ngeli zetu. Kaizari, madaktari na mapadri waseme daima kifo kimekuja, maana kwao ni jambo. Lucheni aseme amekuja tangu mstari wa kwanza, na Elisabeth amfuate. Rudolf aingie jukwaani akisema kimekuja kama baba yake. Halafu, usiku wa Mayerling, mwigizaji ateleze silabi hiyo kwa sauti ya chini, bila muziki.