Ngomeni iingie kwenye kitabu cha fizikia

Ukifungua orodha za vyanzo vya angani wanazotumia wanaastronomia leo, iwe Chile, Japani au Afrika Kusini, utakuta majina kama 4U 1820-30 na 4U 1700-37. Herufi U humo ni ya Uhuru, setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka baharini, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ile 4 ni toleo la nne la orodha yake, lililotoka mwaka 1978 likiwa na vyanzo 339 vya miali ya eksirei. Vingi kati ya vile ving'avu zaidi ni masalia ya nyota zilizokufa. Na bado mtoto wa Ngomeni anaweza kufika kidato cha nne, akapata A ya fizikia, asisikie habari hii hata mara moja.

Mimi ni mwalimu wa fizikia na jambo hili linaniuma. Miaka nenda miaka rudi tumefundisha eksirei kidato cha nne: bomba lisilo na hewa, kathodi inayopashwa moto, elektroni zinazogonga kipande cha tungsteni, kisha picha ya mfupa uliovunjika na ukaguzi wa mizigo uwanja wa ndege. Hapo mada inaisha. Vitabu nilivyofundishia havikusema kwamba eksirei hizohizo hutoka angani, wala kwamba chombo cha kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchora ramani yake kilipaa kutoka Ghuba ya Ungwana. Ombi langu kwa wanaoandika vitabu vya sekondari ya juu ni moja: kufa kwa nyota kufundishwe, na kufundishwe kwa kuanzia Ngomeni.

Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi wa maji hayo. Aliyajua yale majukwaa mawili ya chuma ya kituo cha Wataliano cha kurushia roketi, San Marco na Santa Rita, kwa miguu yake iliyosimama baharini, na alijua samaki gani hupenda kivuli chake. Siku za kurusha roketi wavuvi waliambiwa wakae mbali. Walisubiri na madau yao, wakasikia mngurumo, wakaona moshi ukipanda, halafu wakarudi kutega. Hakuna aliyewaeleza kilichobebwa. Baba aliamini mpaka mwisho kwamba Wataliano walikuwa wakipima hewa, na hakukosea, maana San Marco 2, setilaiti ya kwanza kurushwa pale mwezi Aprili 1967, ilipima hewa nyembamba ya juu kabisa iliyo juu ya ikweta. Lakini kile cha Desemba 1970 kilikuwa jambo jingine kabisa.

Ili kulielewa, toka nje usiku wa Januari, mbali na taa za mji. Pale juu utaona maisha yote ya nyota kwa mtazamo mmoja. Kilimia, ambayo wakulima wetu wameitazama tangu zamani kujua msimu, ni nyota changa, zina miaka milioni 100 hivi. Jua, ambalo limekwisha kuzama, lina miaka bilioni 4.6 na limefika nusu ya safari. Kila sekunde tani milioni 600 hivi za haidrojeni hugeuka heli katika kitovu chake, na tani milioni nne katika hizo hupotea kama maada na kuwa nishati. Punje ndogo sana ya nishati hiyo ndiyo inayoanika ng'onda wetu ufukweni. Msukumo wa nishati kutoka ndani ndio unaolizuia jua lisiporomoke kwa uzito wake lenyewe. Miaka bilioni tano hivi kutoka sasa haidrojeni ya kitovuni itaisha, jua litavimba liwe jitu jekundu, litazimeza Utaridi na Zuhura, kisha tabaka zake za nje zitapeperuka polepole. Kitakachobaki ni kibete cheupe, chenye ukubwa wa dunia na uzito wa karibu nusu ya jua la leo. Hakichomi kitu tena. Kinapoa tu, kwa mabilioni ya miaka.

Kibete cha namna hiyo kipo kando ya Shira, yaani Sirius, nyota ing'aayo kuliko zote usiku huohuo wa Januari. Kwa macho hutakiona, Shira inakizidi mwanga mno. Alvan Graham Clark, fundi wa darubini wa Marekani, alikiona mwaka 1862 alipokuwa akijaribu lenzi mpya.

Halafu tazama kundinyota la Jabari, na humo ile nyota nyekundu, Betelgeuse. Huyo ni mzee wa aina nyingine. Nyota nzito hazipewi umri mrefu, kwa sababu uzito wake huzilazimisha kuchoma mafuta yake kwa pupa. Jua litaishi miaka bilioni kumi kwa jumla. Nyota ya namna ya Betelgeuse huishi milioni chache tu. Ikimaliza haidrojeni huchoma heli, kisha kaboni, kisha neoni, kisha oksijeni, kila hatua fupi kuliko iliyotangulia. Katika nyota yenye uzito wa majua 25, kaboni hudumu kiasi cha miaka 600, oksijeni miezi sita, na silikoni siku moja. Siku moja! Silikoni ikiisha kitovu ni chuma kitupu, na chuma hakitoi nishati kwa kuunganishwa, bali hula nishati. Msukumo wa ndani unakatika. Kitovu kinaporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, na nyota nzima inalipuka. Mwishoni mwa 2019 Betelgeuse ilififia hadi watu wengi wakadhani saa yake imewadia. Ilikuwa imejifunika vumbi ililolitema yenyewe. Italipuka, lakini huenda ikangoja miaka elfu mingi, labda laki moja.

Mstari unaotenganisha vifo hivi viwili una mwanzo wake katika bahari yetu hii. Mwaka 1930 kijana wa miaka 19, Subrahmanyan Chandrasekhar, alisafiri kwa meli kutoka India kwenda kusoma Uingereza, na njiani akafanya hesabu: kibete cheupe kina kikomo cha uzito. Baadaye kikomo hicho kilikadiriwa kuwa majua 1.4. Kikipita hapo hakiwezi kujihimili. Wakubwa wa taaluma walimkatalia kwa ukali. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983.

Kitovu kinachozidi kikomo hicho hubanwa mpaka elektroni na protoni zake zinaungana kuwa nyutroni. Matokeo yake ni nyota ya nyutroni, kitu chenye uzito unaolizidi jua kilichobanwa ndani ya tufe lenye upana wa kilomita 20 hivi, yaani kutoka Malindi hadi Watamu na kupita kidogo. Kitovu kikiwa kizito zaidi hata nyutroni hazihimili, na hapo ndipo linapopatikana shimo jeusi. Hesabu zilikuwapo tangu miaka ya thelathini. Nani angeviona? Nyota ya nyutroni ni ndogo kupita kiasi, na shimo jeusi halitoi mwanga kabisa.

Mwaka 1967 Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Cambridge, alinasa mawimbi ya redio yaliyokuja kwa mapigo sawasawa, na ikatambuliwa kuwa ni nyota ya nyutroni inayozunguka huku ikimulika kama mnara wa taa wa bandarini. Huo ulikuwa mlango mmoja. Mlango wa pili ulikuwa eksirei. Nyota iliyokufa ikiwa na mwenzake aliye hai, humnyonya gesi. Gesi hiyo ikianguka hupata joto la mamilioni ya digrii na kutoa eksirei. Kwa hiyo masalia yanajionyesha kwa kile yanachokula. Shida ni kwamba angahewa yetu huzuia eksirei zote zisitufikie, na ni jambo la heri, kwani zingetudhuru. Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi mwaka 1962 huko Marekani wakakinasa chanzo cha kwanza cha eksirei kilicho nje ya mfumo wa jua, lakini roketi kama hiyo hukaa juu dakika chache tu, kisha huanguka. Ilihitajika setilaiti.

Na setilaiti hiyo ilihitaji ikweta. Ngomeni iko nyuzi tatu tu kusini mwake. Roketi ikielekezwa mashariki kutoka hapo husaidiwa na mzunguko wa dunia, na chombo kikizunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mnururisho ulio juu ya Atlantiki ya Kusini, ambao ungevuruga vipimo vyake. Wataalamu wa Italia ndio walioirusha, mara ya kwanza setilaiti ya Marekani kurushwa na nchi nyingine. Marjorie Townsend, mwanamke aliyesimamia mradi huo NASA, aliipa jina Uhuru kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru.

Ilijizungusha taratibu, mara moja kila dakika 12 hivi, ikifagia anga kipande kwa kipande mpaka Machi 1973. Ikafichua tabia ya Centaurus X-3, chanzo kinachopiga kila sekunde 4.8 na kutoweka kila siku 2.1: nyota ya nyutroni inayopita nyuma ya mwenzake. Kisha Hercules X-1. Navyo vipimo vyake vya Cygnus X-1 vikaonyesha mwangaza unaopepesa ovyo, bila mpigo wowote, kwa vipande vya sekunde. Wanaastronomia wa Uingereza na Kanada wakaitafuta nyota iliyo mahali pale, wakakuta inavutwa huku na huku kila siku 5.6 na kitu kisichoonekana. Kitu hicho leo kinakadiriwa kuwa na uzito wa majua 21. Ndilo shimo jeusi la kwanza kukubaliwa na wanasayansi. Giacconi alipewa Nobel mwaka 2002.

Nikieleza haya, kuna wanaoniambia tuna shida nyingine za kuzungumza kuhusu kituo kile: ardhi, kodi, mkataba na Italia, nani ananufaika. Nakubali, na wanakijiji wana haki ya kuuliza mpaka wajibiwe. Lakini kama tunajua bei ya kiwanja na hatujui kilichofanyika juu yake, tunadai nusu ya mali yetu.

Wengine husema shule hazina maabara. Somo hili halihitaji maabara. Niliwahi kuwapa wanafunzi wa kidato cha nne grafu ya Centaurus X-3, karatasi moja kwa kila dawati. Waliambiwa jambo moja tu: mapigo yale wakati mwingine huwahi na wakati mwingine huchelewa, hadi sekunde 40 kila upande, kwa sababu nyota inatusogelea na kutuacha inapozunguka. Mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Wakazidisha: nusukipenyo cha njia yake ni kilomita milioni 12. Wakatafuta mzingo: milioni 75. Wakageuza siku 2.1 kuwa sekunde 180,000 na kidogo, wakagawanya. Binti mmoja wa dawati la nyuma akapata kilomita 400 na zaidi kwa sekunde, akaona si kweli, akafuta, akarudia, akapata ileile. "Mwalimu, nimekosea wapi?" Hakuwa amekosea popote. Nilipowaambia chombo kilichopima mapigo hayo kilipaa kutoka Ngomeni, darasani kulizuka kelele, nami sikuwanyamazisha.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nisisitize kuandika. Mwaka 1006 nyota ililipuka upande wa kusini wa anga, na ndiyo iliyong'aa kuliko zote zilizowahi kuandikwa. Ali ibn Ridwan, aliyekuwa kijana katika mji wa Fustat, leo sehemu ya Cairo, aliieleza: kubwa kuliko Zuhura mara mbili na nusu au tatu, na mwanga wake ukizidi kidogo robo ya mwanga wa mwezi. Maneno yake yamewasaidia wanaastronomia wa leo kupata masalia yake, tufe la gesi linalozidi kutanuka. Nyota hiyohiyo ilipita juu zaidi katika anga la Shanga na Pate, hapa pwani kwetu, kuliko la Fustat, na Shanga ilikuwa mji wenye msikiti wakati huo. Anayetajwa vitabuni ni yule aliyeandika.

Data za Uhuru ziko wazi katika hifadhi ya NASA kwenye intaneti, bila malipo. Sura moja ya kurasa nane ingetosha: jua, Betelgeuse, kikomo cha Chandrasekhar, majukwaa ya Ngomeni na ile hesabu ya sekunde 40. Serikali ya kaunti nayo iweke chumba kimoja cha maonyesho kijijini, maelezo yake yakiwa kwa Kiswahili. Na wavuvi waliokuwa vijana mwaka 1970 sasa wamevuka sabini. Shule za Magarini na Malindi ziwatume wanafunzi na simu zao wakawarekodi, wawaulize walikuwa wapi siku ile, walisikia nini, waliambiwa nini, na kazi hiyo ianze likizo ya Desemba hii.